Greenland wamekataliwa CONCACAF kwa kura zote. Sasa hawa watu wakacheze na nani?

#1 Kona Imezaa
Wakuu salama? Naenda moja kwa moja. Juni hii ya 2025 CONCACAF, shirikisho la mpira la Amerika ya Kaskazini, Kati na visiwa vya Karibiani, wamepigia kura maombi ya Greenland ya kujiunga na wamekataa WOTE. Hakuna hata kijisiwa kimoja kilichowaonea huruma. Jamaa walipeleka maombi Mei 2024, wamesubiri mwaka mzima, jibu ndio hilo.
Sasa mimi ninachojiuliza ni hiki, ukifungua ramani Greenland iko upande wa Amerika ya Kaskazini kabisa, jirani yake ni Kanada. Mkisema sio nchi huru, iko chini ya Denmark, sawa, lakini Bermuda ni ya Mwingereza, Aruba na Curaçao za Mholanzi, Puerto Rico ya Mmarekani, Guadeloupe na Martinique za Mfaransa tena hizo mbili hata FIFA hazimo, na zote ni wanachama. Mdenmark amekosa nini? Wajuzi mje.

#2 Daktari wa Benchi
Siti ya mbele, nangoja wachambuzi.

#3 Mtu wa Kitaa
Mbona rahisi hilo, ni Trump. Anaitaka Greenland, sasa Kombe la Dunia 2026 liko kwake, makao makuu ya CONCACAF yako Miami, unadhani nani atathubutu kuipa Greenland bendera yake na wimbo wake pale uwanjani? Wameogopa mzee. Tufunge uzi.

#4 Jicho la Refa
#3 punguza spidi mkuu. Kwanza hiyo habari ya kuitaka Greenland hakuianza mwaka huu, aliianza 2019. Pili maombi yalipelekwa yeye akiwa hayupo madarakani. Tatu, na hii ndio watu wengi hawaijui, CONCACAF ina wanachama 41 na wengi wao ni visiwa vidogo vidogo. Montserrat wenye watu hawafiki hata 6,000 wana kura moja na Marekani wana kura moja. Ukiniambia Marekani ilimpigia simu kila mmoja mpaka Anguilla nitacheka.

#5 Mtu wa Kitaa
Cheka tu, kwani simu 40 ni nyingi?

#6 Fundi Nyavu
Mimi naona mnatafuta uchawi wakati tatizo ni uwanja. Uwanja wao mkubwa uko Nuuk, mji mkuu wao, unachukua kama watu 2,000, yaani sisi hapa kuna viwanja vya ndondo vinajaza zaidi ya hapo. Halafu hali ya hewa, msimu wao wa kucheza nje ni kama Mei mpaka Septemba basi, na kalenda ya FIFA ina mechi za Machi, Oktoba, Novemba. Machi ile unampeleka mtu wa Jamaika kucheza Nuuk akakimbizane na mpira kwenye theluji? Atagoma.

#7 Mzaramo wa Aarhus
Habarini ndugu zangu. Nipo Denmark mwaka wa tisa na kazini kwetu yupo jamaa mmoja wa Greenland, tunakaa naye zamu ya usiku, kwa hiyo hizi habari nazisikia kila wiki hata nisipotaka. Acha niwape picha.
Kule hakuna barabara kutoka mji mmoja kwenda mwingine. Sio mbovu, HAKUNA. Nchi ina kilomita za mraba zaidi ya milioni mbili, sehemu kubwa barafu tupu, na watu wote hawafiki elfu sitini wamejibanza pembezoni mwa bahari. Ukitaka kwenda mji wa pili ni boti, ndege au helikopta. Sasa ligi ya nyumbani na ugenini utaichezaje? Kwa hiyo wanachofanya, timu zinachujana huko mikoani kwao halafu zilizofuzu zinakusanyika mji mmoja mwezi wa nane, zinacheza kila siku kama wiki moja hivi, bingwa kapatikana, watu wanarudi kwenye uvuvi. Ndio ligi kuu hiyo. Jamaa anasema kuna timu zamani zilikuwa zinasafiri baharini siku kadhaa kuja kucheza na mkitolewa mapema mnangoja boti lile lile.
Na viwanja. Majani hayaoti ya kuchezea mpira, wamekua wakicheza kwenye changarawe. Anao makovu ya magoti mpaka leo, anayaonyesha kama medali. Nyasi bandia zimekuja baadaye sana.
Na #6, hoja ya theluji ina ukweli ila ni nusu. Hakuna anayelazimishwa kuchezea nyumbani. Nchi ngapi za Afrika zinachezea ugenini mechi za nyumbani kwa sababu CAF imezifungia viwanja?

#8 Fundi Nyavu
#7 hapo kwa CAF umenipiga la mbavu. Nakubali nusu.

#9 Bao la Mkono
Kwahiyo ligi yao ni ndondo ya wiki moja. Halafu nimepitia majina ya timu zao nimechoka, B-67, N-48, G-44, T-41, IT-79. Hizi ni timu au namba za dawa?

#10 Mzaramo wa Aarhus
#9 hahaha. Hizo namba ni mwaka timu ilipoanzishwa, B-67 ni ya Nuuk, 1967. Ni mtindo wa huku Denmark pia. Ndio wababe wao hao, makombe mengi wanayo wao.
Ila na wewe usiwacheke sana, kwetu kuna timu zinaitwa kwa jina la jeshi, magereza na bandari.

#11 Jicho la Refa
Tuwarudishe kwenye mada. Mnaosema hali ya hewa na udogo, mnawajua Faroe? Visiwa vya Denmark vile vile, watu elfu hamsini na kitu, sawa na Greenland kabisa, mvua na upepo mwaka mzima. Wameingia FIFA 1988 na UEFA, shirikisho la Ulaya, 1990. Mechi yao ya kwanza ya kufuzu Ulaya wakampiga Austria 1-0, Septemba 1990, na hawakuchezea kwao, walichezea Landskrona huko Sweden kwa sababu kwao hakukuwa na uwanja wa majani. Kipa alivaa kofia ya sufu. Sasa kama Faroe aliingia bila uwanja, Greenland anadaiwa nini?

#12 Wakili Msomi
Nijibu #11 kwa upande wa sheria maana ndipo mnapokosea wote.
Faroe waliwahi mlango ukiwa wazi. Baadaye Gibraltar, eneo la Mwingereza ambalo Hispania inalidai, walipoomba, Hispania ikakasirika, na 2001 UEFA wakabadilisha kanuni, kwamba mwanachama mpya lazima awe nchi huru inayotambulika kimataifa. Gibraltar wenyewe walipenya 2013 baada ya kesi ndefu kwa sababu walikuwa wameomba kabla kanuni haijabadilika. Kosovo 2016 wakaingia kwa kura 28 kwa 24. Greenland sio nchi huru, wana serikali yao ya ndani tangu 1979 na mamlaka yakaongezwa 2009, lakini bado wako chini ya taji la Denmark. Kwa hiyo UEFA mlango umefungwa na kufuli.
FIFA yenyewe haiwakatai moja kwa moja. Katiba ya FIFA inasema eneo ambalo halijapata uhuru linaweza kuomba likipata ridhaa ya chama cha nchi inayolimiliki. ILA lazima kwanza uwe ndani ya shirikisho la bara. Ndio maana walienda CONCACAF, ulikuwa mlango pekee uliobaki.
Sasa kwanini mlango ulipokuwa wazi wakati wa Faroe wao hawakuingia, hapo ndio majani yanapokuja. Enzi hizo FIFA ilitaka nyasi za asili, Faroe unaweza ukazilazimisha, Greenland huwezi. FIFA walipokuja kuruhusu nyasi bandia miaka ya 2000, UEFA tayari ameshafunga.

#13 Kona Imezaa
#12 hii ndio shule niliyoitafuta, shukrani. Kwahiyo nyasi zilipokubaliwa mlango ukafungwa. Aisee hii ni mikosi.

#14 Mtu wa Kitaa
Shule nzuri ila bado haijajibu kwanini wamekataa WOTE. Sheria za CONCACAF zinaruhusu makoloni, basi kilichobaki ni siasa. Narudi kwa mzee wangu Trump.

#15 Binti Ng'ambo
Assalam alaykum. Nimesoma tangu juu nikasema hebu nione nani atatutaja sie, naona mnatukwepa makusudi.
Hiyo hadithi ya Greenland mie naijua kwa moyo maana ni yetu. Zanzibar Machi 2017 CAF wametupokea Addis Ababa, mwanachama wa 55, watu tukalia, mie nilikuwa nyumbani kwa bibi Kikwajuni, tukapiga vigelegele mpaka jirani akadhani kuna harusi. Julai hiyo hiyo, miezi minne tu, Rabat wakatuvua uanachama. Wakasema nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili. Heri Greenland walionyimwa kuliko sie tuliopewa tukanyang'anywa.
Na mwaka huu mwezi wa tano fainali ya kombe la CAF, Simba na Berkane, mkondo wa pili umechezwa wapi? Amaan. Uwanja wetu unafaa kwa fainali, timu yetu ya taifa haifai. Nielezeni nyie wasomi.

#16 Bao la Mkono
#15 dada pole, ila hapo kwenye Simba ungeacha tu, bado tuna kidonda.

#17 Wakili Msomi
Dada #15 maumivu nayaelewa, ila kisheria hazifanani. Greenland wamo kwenye taji la Denmark kama Faroe, na Denmark haichezi kwa niaba yao kwenye shirikisho hilo la CONCACAF. Zanzibar ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano na TFF ndio iko FIFA. Ukitoa ruhusa kwa Zanzibar, kesho CAF ina foleni ya watu.

#18 Binti Ng'ambo
Kaka yangu Wakili, England, Scotland na Wales wana pasipoti ngapi vile? Nangoja.

#19 Wakili Msomi
Hao walianza kabla hata FIFA haijazaliwa, ni jambo la kihistoria.

#20 Binti Ng'ambo
Na sie CECAFA, ya Afrika Mashariki na Kati, tumo tangu lini? Kombe la Chalenji 1995 alilichukua nani? Historia ikiwa ya mzungu inaitwa haki, ikiwa yetu inaitwa foleni. Haya.

#21 Mkenya Halisi
Hapo Chalenji msisahau 2017 fainali Machakos, mbili mbili halafu penati tukawamaliza. Salimia bibi Kikwajuni.

#22 Binti Ng'ambo
Uwanja kwenu, mashabiki kwenu, na bado mmetegemea penati. Nyamaza wewe.

#23 Daktari wa Benchi
Mnajua Zanzibar na Greenland wameshawahi kukutana uwanjani au mnaongea tu?
2006, Hamburg Ujerumani, kabla tu ya Kombe la Dunia, klabu ya St. Pauli ikaandaa kombe la timu zisizo FIFA. Walikuwepo Zanzibar, Greenland, Tibet, Gibraltar, Kupro ya Kaskazini na St. Pauli wenyewe wakajiita jamhuri. Zanzibar na Greenland walikuwa kundi moja na Greenland akala kichapo. Zanzibar akaenda mpaka fainali akatolewa kwa penati na Kupro ya Kaskazini baada ya suluhu. Naona penati na Zanzibar ni ndugu wa damu.
Cha kuchekesha kocha wa Zanzibar pale alikuwa mchekeshaji wa televisheni ya Ujerumani, Oliver Pocher. Sio utani.

#24 Bao la Mkono
#23 kwahiyo fainali tumefikishwa na komedian, hawa wengine wenye leseni wanatufikisha wapi?

#25 Mzaramo wa Aarhus
#23 leo ninayo zamu na yule jamaa, nitamuuliza kama anaikumbuka hiyo mechi.
Halafu kitu kingine nilitaka kuwaambia. Zile taa za angani za usiku za kaskazini, za kijani zinacheza cheza, kwa Kigreenland zinaitwa arsarnerit. Maana yake ni wale wanaocheza mpira. Wazee wao wanasema ni roho za waliokufa wanapiga mpira, na mpira wenyewe ni fuvu la mnyama wa baharini mwenye meno marefu kama ya tembo. Chama chao cha mpira kilichoanzishwa 1971 kinaitwa Kalaallit Arsaattartut Kattuffiat, hilo neno la katikati mzizi wake ni huo huo. Nilipoelezwa nikakaa kimya kidogo.

#26 Fundi Nyavu
#25 yaani wafu wao wana ligi ya mwaka mzima, walio hai wiki moja.

#27 Msomi wa Darajani
Mimi nina jibu tofauti na nyie wote, ni hela. CONCACAF inagawa pesa za maendeleo kwa wanachama, ukiongeza mmoja kila mmoja anakatwa kidogo. Halafu usafiri. Timu ya Surinam kwenda Nuuk ni zaidi ya kilomita 6,000, tiketi za watu thelathini, mabegi, hoteli za bei ya Skandinavia. Kijisiwa cha Karibiani chenye bajeti ya kuunga unga kitapiga kura ya kujiongezea nauli? Hapo huhitaji Trump wala sheria.

#28 Jicho la Refa
#27 hiyo ya hela inaingia akilini, lakini umbali mbona na sisi tunao? Dar mpaka Morocco ni kilomita 6,000 na ushee vile vile na timu zinaenda kila mwaka. Halafu Nuuk wamefungua uwanja mpya wa ndege Novemba 2024, njia ya kurukia mita 2,200, ndege kubwa zinatua, na mwezi huu zimeanza safari za moja kwa moja kutoka upande wa New York. Zamani ulikuwa unashushwa Kangerlussuaq ndio unadandia kindege kingine.

#29 Msomi wa Darajani
Na hizo timu zikirudi kutoka Morocco zinasemaje? Zimechoka. Ndio hoja yangu.

#30 Mzee wa Darajani Stamford
Wakuu nimechelewa. Mimi Greenland naiheshimu kwa jambo moja tu, Jesper Grønkjær, winga wetu wa zamani pale Chelsea, kazaliwa Nuuk. Mei 2003 siku ya mwisho ya ligi, sisi na Liverpool, anayeshinda anaenda Ligi ya Mabingwa. Akakata kutoka kulia akapiga kwa mguu wa kushoto, 2-1. Wiki chache mbele tajiri wa Kirusi Abramovich akanunua timu. Bila mtoto wa Nuuk hakuna Chelsea mnayoijua.

#31 Bao la Mkono
Ndio maana wamekataliwa basi. Dunia nzima imelipa kisasi.

#32 Mkenya Halisi
😂😂 #31 umemaliza maneno. Uzi ufungwe hapo.

#33 Daktari wa Benchi
Bado, kuna kisa cha kamba hamjakisikia. 2001 Greenland walicheza na Tibet kirafiki huko Copenhagen. China ikachachamaa, maana Tibet kucheza kama taifa ni tusi kwao, wakatishia kuacha kununua kamba wa Greenland.

#34 Mtu wa Kitaa
Hapo sasa umetupiga kamba.

#35 Daktari wa Benchi
Nakwambia kweli ni kamba, kamba wa kula, ndio biashara yao kubwa ya nje, samaki na kamba. Walitishwa na wakacheza hivyo hivyo, Greenland akashinda 4-1. Miaka ile kocha wao alikuwa Sepp Piontek, yule Mjerumani aliyeipeleka Denmark Kombe la Dunia 1986. Sasa mtu anayeweza kugomea China kwa ajili ya mechi ya kirafiki, wewe CONCACAF unamwambia hajajiandaa?

#36 Mama Kapteni
Mimi sio mtu wa mpira wa miguu sana, nilicheza mpira wa mikono shule, na nashangaa hakuna aliyesema. Greenland kwenye mpira wa mikono wanatambulika kabisa, timu ya wanaume imecheza mashindano ya dunia 2001, 2003 na 2007, wanawake wao wamecheza 2023. Na wanafuzu kupitia upande wa Amerika, sio Ulaya. Kwahiyo kumbe jirani zao wa Amerika wanaweza kucheza nao, bendera ikapandishwa, mbingu isianguke. Ukumbini hakuna theluji labda ndio siri.

#37 Wakili Msomi
#36 dada umenishika. Hilo nilikuwa silijui na linaondoa nusu ya hoja za humu, zangu zikiwemo.

#38 Mtu wa Kitaa
Kwahiyo nilikuwa sahihi, ni Trump.

#39 Jicho la Refa
Huyu #38 mpeni maji.

#40 Kona Imezaa
Wakuu nimefuatilia yote. Mpaka sasa nina Trump, uwanja, theluji, nauli, mgao wa hela na kisasi cha Chelsea. Cha nauli na mgao naona kina nguvu kuliko vingine ila bado hakinielezi kwanini Kanada na Marekani wenye hela zao nao wakatae. Anayejua zaidi aongeze.

#41 Msomi wa Darajani
Wakubwa wakiona wadogo wote wamekataa, wa nini kujitia ubaya bure?

#42 Mkenya Halisi
Naufufua huu uzi. Novemba 18, 2025, mmeona? Curaçao wametoka suluhu na Jamaika pale pale Kingston, wamefuzu Kombe la Dunia. Kisiwa cha watu kama laki moja na nusu, chini ya Mholanzi, wachezaji wengi wamezaliwa Uholanzi. Nikakumbuka swali la #1.

#43 Jicho la Refa
Nimeona, nikasema hapo ndipo jibu lilipo. Jamaika kabaki kwenye mchujo, Curaçao yuko ndani. Ungekuwa wewe Jamaika ungemwingiza mwingine mwenye pasipoti za Ulaya?

#44 Fundi Nyavu
#43 ila Curaçao ana akiba ya Uholanzi nzima. Greenland akiba yake ni ile ile ya kwenye changarawe. Mara ya kwanza walivyotoka nje, 1980 na Faroe huko Iceland, walikula sita bila.

#45 Daktari wa Benchi
Wakati huo. Michezo ya Visiwa, yale mashindano ya visiwa vidogo, wameshacheza fainali 2013 na 2017, ile ya 2013 walifungwa na Bermuda wenyeji. Bermuda huyo huyo mwanachama wa CONCACAF. Na huyo naye kapiga kura ya hapana.

#46 Binti Ng'ambo
Anayekujua ndiye anayekunyima. Hebu Mzaramo, ulisema utamuuliza yule mwenzio wa zamu juu ya mechi na sie ya Hamburg. Miezi mitano sasa.

#47 Mzaramo wa Aarhus
Samahani dada, nilimuuliza siku ile ile nikasahau kurudi. Mechi anaikumbuka. Hakuuliza habari ya bao wala nini, aliuliza kama nyie mlishaingia. Nikamwambia mliingia, mkatolewa. Akaniuliza unaingiaje halafu unatolewa, nikaanza kumweleza Muungano, saa nane za usiku, kwa Kidenmark changu hiki, mpaka zamu ikaisha hatujafika 1977.

#48 Binti Ng'ambo
Mwambie waje wao. Amaan ipo, majani yapo, nauli wachangishane Bermuda.